Mama Nusu Kaputi wa Msamala

Ukifika Msamala, hapa Songea, ukauliza nyumba ya Asma binti Daimu, watu watakukodolea macho tu. Uliza kwa Mama Nusu Kaputi, na hata mtoto anayechezea matope atakushika mkono akupeleke. Jina hilo si la kumkejeli. Karibu kila nyumba ya mtaa ule ina mwanamke aliyepasuliwa akajifungua salama, na mtu wa mwisho aliyemwona kabla ya kulala alikuwa Asma, ameinama kichwani pake, anamwambia, "Nitajie jina la mama yako." Kabla jina halijaisha, usingizi umeshamchukua.

Mimi ni Kunegunda, Mama Leo, na asinitafutie mtu ubishi kwa haya ninayosema, maana nilikuwepo. Nilikuwa mhudumu wa thieta, chumba cha upasuaji, katika hospitali ambayo siitaji, kwa sababu sipendi maneno. Mashuka yote ya damu yalipita katika mikono hii. Asma nimemjua tangu siku aliyoshuka kwenye lori la kutoka Tunduru na sanduku lake la bati, binti wa mkulima wa korosho, muuguzi aliyesomea kulaza watu kwa dawa ya usingizi. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki wa upande wa Peramiho. Akifunga Ramadhani, mimi nakunywa chai yangu nyuma ya mapipa ya mashuka ili asinione, na Kwaresima ikifika, yeye ananificha bakuli lake la nyama. Tuliishi hivyo miaka yote na hatukuwahi kununiana zaidi ya siku moja.

Habari hii ni ya miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na kila anayejua kushika sindano anafungua zahanati yake. Wataalamu wakawa wanahama. Mwenzake Asma wa kutoa usingizi aliaga asubuhi moja akaenda zake Dar es Salaam kwenye hospitali ya kulipia, na sisi tukabaki tunaangaliana. Asma akawa peke yake kwa akina mama wote wa mji na vijiji. Alichoka, jamani. Siku nyingine nilimkuta amelala ameketi, kofia ya thieta bado iko juu ya mtandio. Ndipo tukaletewa daktari kijana ajifunze kwake, na jina lake Noela.

Noela ni Mngoni mwenzangu, kwao Maposeni, amelelewa na bibi yake katikati ya mashamba ya mahindi. Na bibi yule alilea kweli. Akinipa kikombe cha maji, anapiga goti, mimi mfua mashuka, yeye daktari mzima. Mkubwa akisema neno, yeye anaitikia "ndiyo" hata kama neno lenyewe halina kichwa wala miguu. Mikono yake ilikuwa hodari. Mshipa uliojificha, wenzake wakiutafuta mpaka mgonjwa anataka kulia, yeye anaupata mara moja. Asma alinikiria hilo mwenyewe, na Asma si mtu wa kusifu ovyo. Kasoro ya binti yule ilikuwa moja tu: hakuweza kumkatiza mkubwa.

Usicheke. Ngoja nikueleze, maana na mimi nilifikiri hiyo si kasoro ila ni malezi. Mama mjamzito akipewa nusu kaputi, anaacha kupumua mwenyewe. Lazima aingizwe mpira kooni upeleke hewa kwenye mapafu. Sasa koo la mjamzito limevimba, halionekani vizuri, na mpira unaweza kuteleza ukaenda tumboni. Ukiangalia kwa nje huoni tofauti. Kama mpasuaji akianza kukata hapo, mama anakufa watu wote wamemzunguka, kila mmoja anashughulika na lake. Anayejua ni yule mmoja aliyesimama kichwani. Yeye ndiye wa kusema "acha". Asiposema, basi tena.

Na mpasuaji wetu alikuwa Dokta Romanus, Mhehe wa Iringa, mtu wa kifua na sauti nzito. Sitamnyima haki yake: mikono yake ilikuwa myepesi, na wepesi huo umewatoa watoto wengi wakiwa hai. Lakini alikuwa na desturi yake. Akishanawa, anasimama na kisu mkononi, anauliza mara moja, "Tayari?" Ukisema ndiyo, tumbo limeshafunguka. Kumwambia Dokta Romanus "subiri" ilikuwa sawa na kumwambia padri ashuke altareni. Wauguzi wakongwe walimwogopa, sembuse binti wa Maposeni.

Asma alikuwa na kidonda chake juu ya jambo hilo. Zamani, katika hospitali nyingine ya mbali alikoanzia kazi, aliona mama akifia mezani namna hiyohiyo. Kijana aliyekuwa kichwani aliona kwamba mpira umekwenda siko, lakini mzee alikuwa ameshaanza kukata, akaona haya kumkatiza. Asma alinisimulia siku moja tunakunja mashuka, sauti yake iko chini kabisa. "Kaburi la yule mama, Mama Leo, lilichimbwa na shikamoo," akasema, kisha akaendelea kukunja.

Basi akaanzisha mazoezi. Alipokuwa kozini Moshi aliona madaktari wakifundishiwa kwa mwanasesere wa mpira, mkubwa kama mtu, anayeumwa na kupona. Akaomba na sisi tuletewe. Wakamcheka, wakamwambia glavu zenyewe ndugu wa mgonjwa wananunua dukani, seuze mwanasesere. Asma akanigeukia mimi, akanipima kwa macho kuanzia juu mpaka chini, akasema nina mwili unaofaa. Nilitukana kidogo. Lakini Jumatano ile mchana, thieta ikiwa tupu, nilipanda mezani na mto umefungwa tumboni kwa khanga.

Ilikuwa hivi. Mimi ndiye mama. Asma anasimama pembeni anatangaza balaa: presha imeshuka, dripu imeziba, mama anatapika, midomo inageuka rangi. Vijana wanatenda kama kweli, wananigeuza, wananibana kidevu, wanaitana. Mpira hawakunitia kooni, Mungu ashukuriwe, waliushikilia shavuni tu. Wakichelewa, Asma ananigusa kidole cha mguu, na mimi nakufa. Nililegea vizuri mno. Huko dobi wenzangu wakawa wananipokea kwa maneno, eti marehemu amefufuka, ampishe nani mahali pa kukaa. Mimi sikujali. Nilipenda kuona vijana wale wanavyobadilika, mikono iliyokuwa inatetemeka Jumatano moja inatulia Jumatano nyingine. Kwa hilo Asma alistahili sanamu pale mjini, nakwambia bila aibu.

Dokta Romanus mwanzoni aliita mambo yale maigizo. Asma hakubishana naye, alikuwa anamkaribisha kila wiki kwa adabu ileile, mpaka mwisho akaja, nadhani kwa hamu tu ya kuniona ninavyokufa. Akapewa penseli badala ya kisu. Asma akamnong'oneza Noela kwamba mpira umekwenda tumboni. Nilikuwa nimefumba macho lakini masikio yangu yako wazi. Romanus akauliza, "Tayari?" Noela akajibu, "Ndiyo, mzee." Penseli ikapita kwenye mto wangu, na mimi nikaguswa kidole cha mguu.

Noela alilia siku ile mpaka kwikwi. Akasema alijua, alijua kabisa, lakini neno lilikataa kutoka. Asma hakumbembeleza wala hakumgombeza. Alisema, "Tena," tukarudia. Mara ya pili Noela akasema, "Samahani mzee, bado kidogo, kama hutajali," kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi, na kabla hajafika mwisho wa sentensi mimi nilikuwa nimeshakufa. Jumatano iliyofuata vilevile. Na iliyofuata. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, nikawa najisemea pale mezani, huyu ameshakua, hakunjiki tena.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinanikosesha raha. Tabu, binti pekee wa Asma, alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alijifungulia kwenye kisu, na hii ilishasemwa kwamba itakuwa kisu tena. Mama yake asingeweza kumlaza. Kwetu mtu hamshiki ndugu yake pale mezani, kwa sababu mkono wa mzazi unatetemeka, na aliyeisimamia sheria hiyo kuliko wote alikuwa Asma mwenyewe. Kwa hiyo atakayemlaza Tabu ni Noela. Na atakayeuliza "Tayari?" ni Romanus.

Nilimkalisha Asma chini. Nikamwambia ampeleke mwanawe Peramiho, kwa masista, si mbali, usafiri upo, wale wana watu wazima wa kazi hiyo. Nilisema kwa ukali, na ninapokuwa mkali hata mume wangu hutoka nje. Asma aliniacha nikamaliza.

"Na mwanamke asiyekuwa na mama thieta, yeye nimpeleke wapi?" akaniuliza. "Kama Noela hafai kwa mwanangu, basi hafai kwa mtoto wa mtu. Na kama anafaa kwa mtoto wa mtu, atamlaza Tabu."

Nikachukua mashuka yangu nikaondoka. Lakini moyoni nilimwona mkaidi, na usiniambie wewe usingemwona hivyo.

Katikati ya hayo Dokta Romanus akafiwa na baba yake mdogo, mzee mmoja aliyekuwa anaishi hapahapa Msamala. Thieta nzima tukaenda msibani. Na wewe unajua, Mhehe akifiwa mbele ya Wangoni, watani tuna haki yetu. Zile vita za mababu ziliisha, zikatuachia ruhusa ya kutukanana mpaka kwenye kaburi. Wanawake wa Kingoni tukaanza mapema. Mmoja akalala mlangoni, jeneza lisipite. Mwingine, kwa kuwa Wahehe tunawaita wala mbwa, akawa anauliza kama marehemu ameacha mbwa yeyote bandani au wote wameshaliwa. Nikamtafuta Noela nimwambie asaidie, nikamkosa.

Kumbe yuko ndani. Akatoka amevaa koti la marehemu, ameshika fimbo yake, anatembea kwa kuburuta mguu kama mzee yule alivyokuwa akitembea. Watu wakashika vinywa. Akaenda moja kwa moja kwa Dokta Romanus aliyekuwa amesimama na wakubwa wenzake, akamkita fimbo kifuani. "Wewe," akasema, kwa sauti iliyofika barabarani, "nani amekuruhusu kusimama? Kaa chini. Mwaka mzima hukunitembelea, leo umefuata pilau." Romanus, mtu yule ambaye wauguzi wakongwe walimpisha njia, akakaa chini kwenye mavumbi na suti yake. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka machozi, akamwita Noela mla panya, kama wao wanavyotuita sisi, akatoa chochote mfukoni ili baba yake mdogo akazikwe. Noela alipokea kwa mkono mmoja bila hata kusema asante.

Asma alikuwa ameketi mkekani pembeni yangu. Akanifinya paja kwa nguvu, alama ilikaa siku kadhaa. Akaniambia sauti ipo, kilichokosekana ni ruhusa.

Jumatano ikafika. Mimi mezani na mto wangu, Romanus na penseli yake. Asma akafunga mlango akatangaza kwamba kuanzia leo, mtu akivuka kizingiti kile, hakuna mzee wala mtoto. Kuna Mngoni na Mhehe. Noela akakataa katakata, au tuseme alikataa kwa adabu yake, akasema utani una mahali pake, msibani, harusini, njiani, lakini kazini ni kazini na bibi yake angesikia angelia. Asma akamtazama Romanus. Alikuwa anamtaka yeye ndiye aseme. Romanus akajikuna kidevu kwa muda. Nilidhani atatoka. Kisha akasema mtani hakasirikiwi, na kama kuna mla panya anayetaka kumzuia Mhehe asiue mtu, basi azuie kwa sauti inayosikika, maana yeye akishika kisu masikio yake hufunga. Nilimheshimu sana kwa neno lile. Mpaka leo namheshimu.

Akauliza, "Tayari?"

Nikawa nasubiri kuguswa kidole.

"Mhehe, weka kisu chini," akasema Noela. "Mpira uko tumboni."

Penseli ikawekwa. Mimi nikanyanyua kichwa kutoka kifoni nikapiga vigelegele, Asma akanirudisha chini, akaniambia bado sijapona. Tangu siku ile sikufa tena. Kila Jumatano Mngoni alimsimamisha Mhehe, na kila Jumatano Mhehe alisimama, na tulicheka sana mle ndani.

Kicheko hicho ndicho kilichonitia wasiwasi. Utani unataka watu wacheke. Siku damu ya kweli inamwagika, nani atacheka? Nilimuuliza Asma. Akasema Mungu ndiye ajuaye, na yeye amefika mwisho wa alichoweza.

Tabu hakungoja tarehe yake. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya soko, watu wanashusha mahindi mapya, mumewe akamleta kwenye pikapu ya kuazima, godoro limelowa damu. Kondo lilikuwa limetangulia, limekaa mlangoni mwa kizazi, mtoto yuko nyuma yake. Kwa damu ile hakukuwa na habari ya ganzi ya mgongoni. Ni nusu kaputi, na ni sasa hivi. Romanus akaja mbio anavua saa. Noela akaja na uso wa kijivu.

Asma alisukuma kitanda cha mwanawe mwenyewe mpaka kwenye kizingiti cha thieta. Hapo akasimama. Akaviachia vyuma vya kitanda kidole kimoja kimoja. Akamwambia Noela maneno mawili tu: "Mgonjwa wako." Mlango ukafungwa, sisi wawili tukabaki nje kwenye benchi la varanda, yeye na tasbihi, mimi na rozari, hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Najua unataka kujua kwanza yaliyotokea, na mimi si mtu wa kuweka roho za watu juu juu. Tabu alipona. Mtoto ni wa kike, alilia kwa hasira, na sasa ana mdomo kuliko mimi. Noela alikuja kuwa mkuu wa usingizi, amefundisha vijana wengi, na wote, awe Mhehe, Mnyasa au Mmatengo, lazima wajifunze kumsimamisha mpasuaji kabla hajawaruhusu kugusa mgonjwa. Lakini hayo tulikuja kuyajua baadaye. Mimi ninachotaka kukueleza ni pale kwenye benchi, kwa sababu pale ndipo nilipomjua Asma ni mtu wa namna gani.

Mlango ule ulikuwa wa mbao nyepesi, ulipitisha sauti. Tulisikia vyombo vinagongana. Tukasikia maji. Tukasikia Noela anamwambia Tabu ataje jina la mama yake, na Tabu akaanza, "As..." akakatika. Kisha pakawa kimya, kimya kirefu kuliko kinavyotakiwa. Hata mimi nisiyesomea nilijua kimezidi. Tasbihi ya Asma ikasimama.

Tukasikia sauti nzito ya Romanus, "Tayari?"

Hakuna aliyejibu. Asma akanyanyuka. Alikuwa mlangoni kabla sijajua ameondoka benchini, kiganja chake kiko kwenye mbao, anahitaji kusukuma tu. Nilitaka asukume. Nasema kweli tupu, sheria zao zote nilizitupa, nilitaka aingie akamwokoe mwanawe.

Ndipo sauti ikatoka ndani. Haikuwa ya utani. Hakumwita Mhehe, hakumwita mzee, hakumwita dokta. Alimwita jina lake kavu kama unavyomwita mtu uliyecheza naye utotoni.

"Romanus, weka kisu chini. Mpira haujaingia. Nampa hewa kwanza."

Chuma kikalia kwenye sinia. Kisu kimewekwa. Asma alijua maana ya maneno yale kuliko mtu yeyote aliye hai Songea nzima: mwanawe amelala pale hapumui, na pumzi yake iko mikononi mwa binti wa Maposeni. Nilimwona mgongo wake unavyopanda na kushuka. Ndani Noela akawa anaongea, anamwambia muuguzi abane wapi, anamwambia Romanus asisogee, taratibu, neno kwa neno, sauti haitetemeki hata kidogo.

Asma akaondoa kiganja chake mlangoni. Akarudi, akakaa chini, akakunja mtandio wake vizuri mabegani. Mimi nilikuwa nimesimama, nikamuuliza kama ana wazimu, mbona haingii.

"Niingie nikafanye nini, Mama Leo?" akasema. "Daktari yumo."